Tetra haiponyi mdondo

NG'AMBO HII NA ILE
Na Asumani Likunde

Kuku akianza kujikunyata uani, mbawa zikining'inia na macho yakifumba nusu, dawa ya kwanza anayopewa hapa Kisangani ni kapsuli ya tetra. Inanunuliwa mojamoja kwenye famasi ya kona, inafunguliwa, unga wake unamwagwa kwenye kopo la maji au unasokotwa ndani ya tonge la kwanga. Makiso wanafanya hivyo, Mangobo na Kabondo wanafanya hivyo, na ng'ambo ya Lubunga vilevile. Wiki inapoisha, ua wa kuku kumi na tano umebaki na wawili, na mwenye mali analaumu kwamba dawa ilikuwa feki. Huenda ilikuwa nzima kabisa. Ilitumwa tu kupigana na ugonjwa isiouweza, na hoja yangu wiki hii ni kwamba franga tunazozitupa kwenye kapsuli hizo kila mwaka zingetosha kununua kitu pekee kinachofanya kazi, ambacho hutolewa kuku wakiwa bado wazima.

Mdondo, ambao maveterineri huuita Newcastle au pseudo-peste, unaletwa na virusi. Ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1926, kisiwani Java na katika mji wa Newcastle wa Uingereza ambao uliupa jina, na tangu wakati huo hakuna aliyeupatia dawa, awe wa Ulaya au wa hapa kwetu. Tetra hupambana na bakteria. Virusi haivigusi kabisa. Dalili zake zinaonekana kwa anayetazama vizuri: kinyesi cha majimaji chenye rangi ya kijani, kuhema mdomo wazi huku kuku akikoroma, uso kuvimba, na kwa wale wanaofika siku ya nne au ya tano, shingo kujipinda mpaka kuku anatazama mgongoni mwake, bawa au mguu umepooza, anazunguka mahali pamoja. Lakini dalili kubwa kuliko zote iko kwenye kundi zima. Wanakufa wengi ndani ya siku chache, wakubwa kwa wadogo, wanono kwa wadhaifu, na ua wa jirani unafuata. Kwa kundi lisilochanjwa, virusi vya aina kali vinaweza kuondoa tisa katika kila kumi. Ukimpasua aliyekufa, fungua kile kitumbo kidogo kilicho juu tu ya firigisi: mara nyingi utaona ndani yake madoa ya damu. Ukiyaona hayo, weka kapsuli chini. Kilichobaki ni kuwatenga wazima, kufunga mlango wa ua, na kufukia mizoga ndani kabisa.

Yuko atakayenijibu kwamba mwaka jana alitoa tetra na kuku wakapona. Namwamini. Katika kila mdondo wapo wachache wanaobaki hai wenyewe, na kapsuli inapokea sifa ambazo si zake. Tena yapo magonjwa ya kuku ambayo kweli yanasikia dawa za namna hiyo. Mafua makali, ambapo jicho linafungwa na uvimbe na pua inatoa ute wenye harufu mbaya, yanatokana na bakteria. Hayo huenea haraka lakini huua wachache, na hapo ndipo tofauti yake na mdondo. Kolera ya kuku nayo ni bakteria, ileile ambayo Louis Pasteur aliitumia kutengenezea chanjo yake ya kwanza ya maabara karibu na mwaka 1880. Inaweza kumwangusha kuku mnono usiku mmoja, na bata mzinga haivumilii kabisa. Taifodi ya kuku nayo ni ya bakteria. Kwa hiyo sisemi dawa za bakteria hazina kazi uani. Nasema kwanza ujue unatibu nini, halafu ujue unatoa kiasi gani. Kapsuli iliyopimwa kwa mtu mzima ikimwagwa kwenye bakuli ambalo kila kuku anakunywa apendavyo, na mgonjwa ndiye anayekunywa kidogo kuliko wote, hicho si kipimo. Bakteria wanaonja dawa bila kufa na wanajifunza kuizoea, na mayai ya ua huo yanapelekwa sokoni kesho yake asubuhi yakiwa na mabaki ya dawa. Siku mtoto wa nyumba hiyo atakapougua, dawa za ukoo huo zinaweza kumkuta bakteria aliyekwisha kuzizoea.

Ndui nitaipita haraka kwa kuwa inajitambulisha yenyewe: vigaga kwenye upanga, kwenye masikio na pembeni mwa mdomo, vinavyoenezwa zaidi na mbu. Hiyo pia ni ya virusi. Safisha vidonda, wape maji na chakula laini, ngoja. Vifaranga wa wiki tatu hadi sita wanaoharisha damu na kukaa wamejikusanya kama wanaosikia baridi, mara nyingi wana kokusidiosi, na ugonjwa huo una dawa zake, amprolium au dawa za salfa, ambazo tetra haiwezi kushika nafasi zake. Ila hata amprolium haitasaidia kama wanalala juu ya maranda yaliyoloa, na katika mji huu ambao mvua hainyamazi muda mrefu, kukausha banda ni nusu ya matibabu.

Kuhusu bata mzinga kuna jambo ambalo wafugaji wengi hawaambiwi wanapouziwa. Mtu ana kuku zake, anapata fedha kidogo, ananunua bata mzinga wawili kwa ajili ya sherehe, anawaachilia ua uleule. Baada ya wiki kadhaa wale ndege wakubwa wanasinzia, vichwa vimeshuka, kinyesi kimekuwa cha njano kama salfa, na wanakufa mmoja baada ya mwingine huku kuku waliowakuta pale wakichakura kama kawaida. Watu wanashuku jirani au sumu. Ukimpasua, ini lina madoa ya mviringo yaliyobonyea katikati, yenye duara za njano na kijani, na ile mirija miwili isiyotokeza mwishoni mwa utumbo imejaa kitu kigumu mfano wa jibini. Huo ndio ugonjwa wa kichwa cheusi, ingawa kichwa chenyewe mara nyingi hakigeuki rangi. Kimelea chake, Histomonas, husafiri ndani ya mayai ya mnyoo mdogo anayeishi kwenye utumbo wa kuku, na mayai hayo hukaa ardhini miaka. Mnyoo wa ardhini huyameza, bata mzinga humla. Kuku ndiye anayebeba, tena bila kuonyesha dalili kubwa. Hata nchi tajiri zimekwama hapa: Marekani iliondoa nitarsone, dawa ya mwisho iliyoruhusiwa dhidi ya kimelea hiki, mwaka 2015, na wanaokimbilia Flagyl ya binadamu wajue kwamba Ulaya na Marekani zimeipiga marufuku kwa wanyama wanaoliwa. Tiba inayobaki ni uzio. Asiye na nafasi ya kuwatenga, achague kuku au achague bata mzinga. Parseli ya mita ishirini kwa ishirini yenye aina zote mbili ni mtego, na kuwapa kuku dawa ya minyoo mara kwa mara huupunguza makali tu.

Turudi kwenye mdondo, kwa maana ndio unaotumaliza. Chanjo ipo. Pingamizi la kwanza ninalolisikia kila mara ni la umeme: chanjo ya La Sota ya wafugaji wa kuku wa mayai inataka friji, na SNEL, shirika letu la umeme, tunaijua. Pingamizi hilo lilikuwa na nguvu zamani. Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitayarisha chanjo iitwayo I-2 kwa ajili ya vijiji visivyo na friji hasa. Ikiwa kavu, na ikikingwa na jua, inaweza kukaa hadi wiki nane kwenye joto la nyuzi 28. Tanzania inaitengeneza yenyewe, na wachanjaji wa vijijini huibeba ikiwa imefungwa kwa kitambaa kibichi ndani ya kikapu. Msumbiji na Malawi nazo ziliitumia, na mradi wa pamoja wa nchi hizo tatu ulionyesha kwamba mwanakijiji aliyefundishwa siku chache anaweza kuifanya kazi hiyo na kulipwa na wenye kuku wenyewe. Hakuna sindano. Unamlaza kuku ubavu, jicho likiangalia juu, unadondosha tone moja, unamshikilia mpaka apepese na tone lipotee, basi. Kifaranga tone moja, jogoo tone moja, bata mzinga tone moja. Ikishachanganywa na maji itumike siku hiyohiyo, na mchanjaji anawe mikono asijiguse macho. Baada ya miezi minne, rudia.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Chupa moja huwa na dozi mia au zaidi, na mwenye kuku wanane anaona ananunua bahari ili aoge uso. Hapa ndipo penye kazi ya avenyu. Nyumba kumi na tano zenye kuku wanane kila moja zinamaliza chupa asubuhi moja, na kwa kufanya hivyo zinapata kitu ambacho nyumba moja haiwezi kukinunua peke yake: jirani asiye na ugonjwa. Kuku wetu wanatembea, hawajui mipaka ya parseli. Tunajua kuchangia msiba na tunajua kuzungusha fedha za likelemba. Kuchangia chupa ya chanjo mara tatu kwa mwaka hakuwezi kutushinda.

Wengine watasema wazee walifuga bila chanjo, kwa pilipili na majani ya mpapai. Walifuga, na mdondo uliwamalizia kuku kila baada ya muda, wakaanza upya na matetea ya kuazima. Sina ugomvi na pilipili ndani ya maji, haimdhuru kuku. Lakini hakuna jani lililothibitika kuuzuia mdondo, na anayelitegemea anafanya kamari na akiba ya nyumba, maana kuku wa uani ndiye ada ya shule na ndiye mchuzi wa mgeni.

Kisha kuna tabia ambayo hakuna anayeitetea hadharani na wengi wanaifanya: kuku akianza kusinzia, anafungwa miguu, anapandishwa baiskeli ya toleka, anauzwa sokoni kabla hajafa. Ndivyo virusi vinavyosafiri kutoka barabara ya Buta hadi katikati ya Makiso na kutoka barabara ya Opala hadi kivuko cha Lubunga. Mdondo wenyewe haumsumbui sana mtu, zaidi ya macho mekundu kwa anayeshika wagonjwa. Lakini mwaka 2017 homa ya ndege ya H5N8 iliua kuku na bata jirani yetu Ituri, kwenye mwambao wa Ziwa Albert, na kwa macho ya mfugaji homa hiyo na mdondo ni kama mapacha. Anayeuza kuku anayekufa hajui anauza kipi. Vifo vya ghafla vya kundi zima vipelekwe kwa veterineri wa serikali. Mzoga usiende sokoni wala kwenye chungu.

Nadai mambo mawili kwa wakubwa wa mkoa. Inspeksheni ya kilimo na ufugaji ya Tshopo iagize chanjo inayovumilia joto na kuiuza kwa bei inayojulikana katika komini zote sita, Lubunga ikiwemo, badala ya kuwaachia wauzaji wa kapsuli wawe madaktari wa mifugo wa mji. Na wanafunzi wa chuo cha kilimo cha IFA-Yangambi na wa Chuo Kikuu cha Kisangani wafundishwe kudondosha tone na watumwe kwenye avenyu, walipwe kwa kila kuku. Nyinyi wasomaji msiwangoje. Ulizeni chanjo kwa veterineri sasa, andikeni majina ya nyumba, hesabuni kuku. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kukomaa, na kuku wa Noeli na Bonane huanza kumiminika mjini mwanzoni mwa Desemba, wazima na wagonjwa pamoja. Tone lidondoshwe kabla Novemba haijafika katikati.