Mfungulieni Mtoto Pazia

Wazazi wenzangu, nina kinyongo, na leo nakitoa.

Juzi nilipanda basi la Iringa kutoka Dar es Salaam. Mbele yangu aliketi mama kijana, mwenye heshima zake, na mwanawe wa miaka kama sita aliyepakata gari la kopo lenye magurudumu ya kandambili. Tulipoingia Mikumi, mtoto akabandika pua kiooni. "Mama, twiga! Mbona anapeleka miguu ya upande mmoja kwa pamoja?" Mama akavuta pazia, akampa simu. "Tulia, unasumbua watu." Humo simuni dubu wa katuni alikuwa akiimba. Twiga yuko hatua hamsini, mtoto anaonyeshwa dubu!

Nikachungulia dirisha langu. Wallahi, kweli. Mguu wa nyuma wa kulia ukienda, wa mbele wa kulia unaufuata papo hapo, kisha zamu ya kushoto, kama ngamia. Miguu mirefu vile na kiwiliwili kifupi, angetembea kama punda si angejikanyaga? Njia hii naipita tangu ujana wangu, sikuwahi kuliona hilo. Aliyeliona kafungiwa pazia.

Twasema kuuliza si ujinga, kisha anayeuliza twamnyamazisha. Twasema samaki mkunje angali mbichi, nasi twamwacha akaukie kwenye simu. Halafu akifika darasa la saba hana swali hata moja, twamlaumu mwalimu! Sote, wa msikitini na wa kanisani, tumelelewa kwa kisa cha Nabii Nuhu. Kisa hicho ni cha nini kama si cha wanyama na chombo cha safari? Basi mtoto apendaye twiga na magari msimwone mtundu.

Wala msiniambie habari ya fedha za kumwonyesha wanyama. Mikumi ni Hifadhi ya Taifa tangu 1964, na barabara kuu inaikata kwa kilomita zipatazo 50. Wageni wanavuka bahari kuja kutazama kile ambacho wewe unakipita kwa nauli ya basi. Apandaye treni ya TAZARA naye hupita katika pori lililokuwa Selous, akiwa amekaa kitini na chai yake. Najua nyinyi wazazi wa leo ni hodari kuliko sisi. Ada mnalipa, viatu mnanunua, usiku hamlali. Kinachowashinda ni kujibu, "Sijui mwanangu, hebu tumtazame vizuri."

Na kwa kuwa nimeshaanza, hili nalo silimezi. Nani aliyewaambia kuwa dirisha la basi ni jalala? Mzee mzima, kanzu imepigwa pasi, anarusha chupa ya maji na maganda ya ndizi hifadhini! Nyani wameacha kutafuta riziki yao porini, wanakaa kandokando ya lami kama ombaomba, na magari yanawagonga. Mbao za faini za kugonga wanyama zimesimama pale, twazisoma kama matangazo ya sabuni.

Tulisimama Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu wakalizingira basi. Yule mtoto akashuka, akaweka gari lake la kopo chini, akainama kwa mikono na miguu. Mkono wa kulia na mguu wa kulia, mkono wa kushoto na mguu wa kushoto. Hatua ya tatu akaanguka kifudifudi vumbini, akacheka, akaanza upya. Mama yake alikuwa akipigania bei ya vitunguu.