Hadi Lini Tutauziwa "Hadi"?

Nimekuwa kimya wiki mbili. Kuna mlioniuliza kama naumwa. Siumwi, nilikuwa na hasira. Mwalimu wangu wa uandishi chuoni alitufundisha kwamba mtu asiandike akiwa na hasira, asubiri ipoe. Nimesubiri, haijapoa. Basi leo naandika nayo hivyo hivyo.

Mwezi uliopita nilikuwa naandika habari ya vibarua wa kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam wanaoumia kazini na kurudishwa nyumbani bila matibabu. Mtu aliyenisaidia kuliko wote ni mama ntilie aliyekuwa akipika kwenye lango la kiwanda hicho. Yeye ndiye anayewaona wanatoka wameshika mikono iliyofungwa vitambaa. Alinieleza kila kitu, nami nikaandika na jina lake. Jioni, yapata saa moja na nusu, akanipigia simu. "Mwanangu, lile jina langu litoe. Lango ni la kwao." Nikamwambia, mama, usiwe na wasiwasi, nalitoa sasa hivi.

Nilikuwa nyumbani, Sinza. Nikalitoa jina, nikatuma nakala mpya kwa mhariri. Ukurasa unafungwa saa tatu usiku, kwa hiyo muda ulikuwepo wa kutosha. Kiduara kikaanza kuzunguka. Nikaenda kuoga, nikala, nikalala. Asubuhi gazeti likatoka na jina lake, herufi zote. Siku ya tatu meza yake na masufuria yake vilikuwa vimeondolewa pale langoni.

Kabla hamjanirukia, najirukia mwenyewe. Ningeweza kumpigia mhariri simu. Sikupiga. Hilo ni kosa langu na sitamsukumia mtu. Lakini nataka tujiulize kwa nini sikupiga. Sikupiga kwa sababu nilikuwa nalipia intaneti ya "hadi megabiti 30 kwa sekunde", na niliamini kwamba mtu mwenye megabiti 30 hana haja ya kuhangaika na kurasa mbili za maandishi. Niliamini tangazo. Mwandishi wa habari mzima, niliyefundishwa kutomwamini hata waziri, niliamini bango la barabarani.

Nikapiga simu kampuni. Wakaniambia nizime ruta niwashe. Nikazima, nikawasha. Kesho yake saa nne asubuhi akaja fundi, kijana mstaarabu tu, akapima kasi kwa simu yake. Ikasoma 28. "Bosi, mbona iko vizuri?" Nikamwambia, kaka, njoo uipime saa mbili usiku. Akacheka. "Saa mbili tunakuwa tumeshafunga, bosi."

Ndugu zangu, hiyo ndiyo biashara nzima ya intaneti ya nyumbani kwa sentensi moja. Wanapima saa nne asubuhi, sisi tunaishi saa mbili usiku.

Jioni ile niliipima mwenyewe. Saa mbili na dakika kumi, kushusha megabiti 3, kupandisha chini ya 1. Nikarudia usiku uliofuata, na uliofuata. Hali ile ile. Nikasoma tena mkataba na ndipo nikaliona lile neno. Hadi. "Kasi ya hadi 30." Tatu imo ndani ya hadi thelathini. Moja imo. Hata sifuri imo! Kisheria hawajanidanganya hata kidogo.

Sasa tafakarini. Konda akiita "hadi Kariakoo", ukapanda, akakushushia Magomeni, unafanya nini? Unapiga kelele, abiria wote wanapiga kelele, na trafiki akiwepo dereva ana kesi. Kukatisha ruti tunakuita kwa jina lake, ni kosa. Lakini kampuni ya intaneti inakatisha ruti kila siku jioni, nyumba kwa nyumba, na sisi wenye digrii tunakaa sebuleni tunasema "mtandao leo unasumbua", kana kwamba ni mvua.

Sisemi kwamba kugawana ni wizi. Intaneti ya nyumbani duniani kote ni ya kugawana, na ndiyo maana inalipika. Faiba nyingi za majumbani hutumia mfumo ambao uzi mmoja wenye uwezo wa gigabiti 2.5 hivi za kushusha unagawanywa kwa nyumba 32, pengine 64. Piga hesabu: gigabiti 2.5 kwa nyumba 32 ni kama megabiti 78 kila nyumba, hata wote wakiwasha kwa pamoja. Kwa hiyo mara nyingi tatizo halipo kwenye uzi wa mtaani kwako. Lipo mbele zaidi, pale ambapo kampuni yenyewe inanunua njia ya kutokea. Tuchukue mfano. Kampuni ina wateja 1,000 wa megabiti 30, yaani imeuza megabiti 30,000. Kama yenyewe imenunua 1,000 tu, saa nne asubuhi watu wako makazini na kila aliyebaki nyumbani anaona raha. Saa mbili usiku wote wamerudi, mtoto anaangalia katuni, baba mpira, dada yuko kwenye simu ya video, na kila mtu anabakiwa na megabiti moja. Kugawana si kosa. Kosa ni kumficha mtu mnagawana wangapi.

Na kwa nini wanaficha? Kwa sababu hakuna anayewauliza. Sisi wasomi tukikutana swali letu ni moja tu: "Yako ina ngapi?" Ni sawa na kununua gari kwa sababu dashibodi imeandikwa 220, wakati asubuhi na jioni uko kwenye foleni ya Mandela. Wengi wetu hata hiyo "ngapi" yenyewe hatuijui. Kasi inauzwa kwa megabiti, mafaili yanapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti 1.5 itachukua dakika kumi, siyo dakika moja na robo kama unavyodhani. Mama yako hanunui mchele Kariakoo bila kujua kilo na pishi zinavyohusiana. Wewe unasaini mkataba wa mwaka mzima bila kujua.

Kuna kaka mmoja pale chumba cha habari, ametutangulia miaka mingi, kila nikilalamika ananiambia nishukuru. Anasema kabla ya mwaka 2009 tulikuwa tunategemea setelaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu, kila neno lipande huko na kushuka. Ni kweli kabisa. Mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, na EASSy mwaka 2010, mambo yalibadilika. Lakini shukrani siyo mkataba, kaka. Zamani tuliambiwa intaneti ni mbovu kwa sababu hatuna mkongo. Mkongo upo, na wa kutosha zaidi ya mmoja. Kinachonikwamisha saa mbili usiku hakiko chini ya Bahari ya Hindi. Kiko kwenye hesabu za mtu aliyekaa ofisini hapa hapa mjini.

Wengine mtasema huko ndiko biashara ilivyo, dunia nzima iko hivyo. Haiko hivyo. Uingereza nako walikuwa wanauziwa "hadi". Ilitosha asilimia 10 tu ya wateja waipate kasi hiyo, na kampuni iliruhusiwa kuitangaza. Watu wakapiga kelele. Tangu Mei 2018 tangazo la kasi ya intaneti ya nyumbani huko linatakiwa kutaja kasi ambayo angalau nusu ya wateja wanaipata wakati wa msongamano. Na wakati wenyewe wa msongamano ni saa ngapi? Ni saa mbili hadi saa nne usiku! Saa ile ile ambayo fundi wangu ameshafunga. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo, kwa kanuni ya mwaka 2015, mkataba wa intaneti ya waya lazima utaje kasi ya chini kabisa, ya kawaida na ya juu. Kwa hiyo namba hizo zinajulikana na zinaweza kuandikwa. Kampuni inayojua deni langu hadi shilingi ya mwisho haiwezi kuniambia haijui kasi yangu ya saa mbili.

Sasa tufanyeje? Baada ya yale yaliyonipata nilitumia wiki mbili kutafuta kampuni nyingine, na nilichagua tofauti na mara ya kwanza.

Kwanza, sikuanza na matangazo, nilianza na majirani. Siyo rafiki yako wa Mbezi, jirani wa jengo lako au mtaa wako, maana kampuni moja inaweza kuwa dhahabu Mbezi na kuwa takataka Sinza. Nilibisha hodi milango minne nikaomba kupima. Saa mbili usiku, kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye ruta kwa waya, kwa sababu waifai yenyewe inaweza kukudanganya kuta zikiwa nene. Usiku mmoja hautoshi, pima mitatu.

Pili, niliuliza kasi ya kupandisha. Matangazo yanapiga tarumbeta ya kushusha tu, kana kwamba sote kazi yetu ni kutazama. Anayetuma picha, sauti, kazi ya ofisi au mtihani wa chuo anaishi kwa kupandisha.

Tatu, niliuliza "bila kikomo" maana yake nini. Vifurushi vingi vya bila kikomo, hasa vya ruta zinazotumia mnara wa simu, vina kiwango ambacho ukikivuka kasi inapunguzwa. Waulize kiwango hicho ni gigabaiti ngapi na kasi inashuka mpaka wapi. Wakikujibu "haifiki huko, bosi", wewe andika hapo kwamba hawajajibu.

Nne, waulize wanatokea njia ngapi. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Mwenye njia moja alikaa gizani, mwenye njia ya ziada alijikongoja. Siongelei siku ambazo intaneti inazimwa, kama ile ya Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata. Hiyo haina kampuni ya kuikimbilia na ina mjadala wake.

Tano, na kwangu hili ndilo kubwa, jaribu huduma yao kabla hujawa mteja. Wapigie saa mbili usiku. Kama hakuna anayepokea simu wakati wanakuhitaji, usitegemee apokee wakati wameshakupata. Uliza pia intaneti ikikatika siku tatu, siku hizo wananirudishia? Naomba jibu kwa maandishi.

Na usisahau umeme. Faiba inaweza kuwa nzima kabisa huku kile kiboksi ukutani kimezimika pamoja na taa. Betri ndogo ya ruta ni sehemu ya gharama ya intaneti, ihesabu tangu mwanzo.

Najua kuna mtakaosema, sisi jengo letu mwenye nyumba ameshakubaliana na kampuni moja, hatuna cha kuchagua. Hapo ndipo mnapotakiwa kuwa wengi. Mpangaji mmoja akilalamika ni msumbufu. Wapangaji kumi na wawili wenye vipimo vya usiku mitatu ni kesi. Anzeni na kampuni yenyewe kwa maandishi, wasipojibu nendeni TCRA. Na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lipo kwa ajili yetu tangu sheria ya mwaka 2003. Ni wangapi kati yetu tumewahi kulitumia? Mimi sikuwahi.

Hoja yangu kwa TCRA ni moja na haina gharama. Piga marufuku neno "hadi" likisimama peke yake. Kila tangazo na kila mkataba wa intaneti ya nyumbani utaje kasi ya saa mbili usiku, ya kushusha na ya kupandisha, kwa maandishi ya ukubwa ule ule. Kampuni yenye huduma nzuri itafaidika, maana leo inashindana na waongo kwa namba za uongo.

Mimi nimehama. Nilikopita milango minne, niliipata kampuni inayouza "hadi 20" kwa shilingi 5,000 zaidi ya ile ya "hadi 30". Saa mbili usiku inanipa 17, na kupandisha 15. Marafiki wananicheka kwamba nimeongeza hela nikapunguza kasi. Wacheke tu.

Juzi nilikwenda kumwomba radhi yule mama. Sasa anapika upande wa pili wa barabara, na vibarua wengi hawavuki kwa sababu muda wao wa chakula ni nusu saa tu. Nilimwamkia, akaitikia. Nikaanza kumweleza habari za kiduara, na megabiti, na neno hadi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapakua wali. Kisha akasema, "Baba, mimi hayo siyajui. Ulisema utalitoa."

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nikituma kitu napiga na simu, hata kama inasoma 17.

Naomba kuwasilisha.