Mfuko Mmoja wa Simenti, Meza Tatu

Vijana wenzetu, na ninyi ndugu mnaofanya kazi na sisi kwenye mashirika, leo hatuandiki juu ya viza wala makaratasi. Leo tunaandika juu ya meza ya jikoni. Msicheke kwanza.

Sisi tuliokulia hapa Nakivale tunaijua vizuri sura ya mama akipika. Mgongo umekunjwa, sufuria iko juu ya mbabula (wengine mnasema sigiri), kisu mkononi, na ubao wa kukatia uko chini karibu na ndoo ya maji. Kuku anapita. Mtoto anayejifunza kutembea naye anapita, na sufuria inachemka usawa wa uso wake. Jioni mama anasema mgongo unamuuma, nasi tunamtafutia dawa. Eti dawa!

Tukiuliza kwa nini hatuna meza, jibu ni pesa. Ni kweli, pesa ni kidogo, na tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2023 imekuwa kidogo zaidi. Lakini tumeangalia tulivyotumia hicho kidogo, tukaona tunanunua meza ileile mara tatu. Mbao za mikaratusi au misonobari, misumari, basi. Mvua za Machi zinaingia, mbao zinapinda. Mvua za Septemba zinarudi, mchwa tayari wako kwenye miguu. Kikundi chetu kilipewa meza nne za namna hiyo na mradi mmoja (hatuutaji, watu wake walikuwa na moyo mzuri), na hata miaka miwili hazikufika. Mbao pia inakunywa. Ukikatia nyama juu yake, damu inaingia kwenye mikwaruzo ya kisu, kesho unakatia nyanya palepale. Na tusisahau kwamba miti ndiyo inayotugombanisha na wenyeji kila siku.

Wengine wanapigilia bati juu ya mbao. Linang'aa mwezi mmoja. Halafu kutu inaanzia kwenye misumari, na kona zake zinakata mikono. Marumaru tunazipenda kwa macho, ila mistari katikati yake inashika uchafu, na sufuria nzito ikianguka moja inapasuka. Kuhusu graniti, tunaziona kwenye picha ambazo ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wanatutumia kwa WhatsApp. Nzuri sana. Mmoja wao alituambia kuwa yake si jiwe hata kidogo, ni vumbi la mbao lililoshindiliwa na kufunikwa karatasi yenye sura ya jiwe. Kumbe hata huko watu wanabana bajeti.

Sisi tunasema: simenti. Hesabu yake ndiyo iliyotushangaza. Bamba la urefu wa sentimita 150, upana 60 na unene 5 linahitaji simenti kama kilo 16 hivi, ndoo ya lita 10 iliyojaa na kidogo zaidi. Mfuko ni kilo 50. Kwa hiyo mfuko mmoja unatoa meza tatu! Nyumba tatu zikichanga, kila moja inalipa theluthi. Mchanga na kokoto tunabeba wenyewe, sehemu mbili za mchanga na tatu za kokoto kwa moja ya simenti. Maji yawe kidogo, mchanganyiko usiwe uji. Kitu kingine cha kununua ni nondo nyembamba za milimita 8, tatu zinazolala kwa urefu.

Tunamwaga chini, juu ya nailoni iliyonyooshwa vizuri, ndani ya fremu ya mbao za kuazima. Upande unaogusa nailoni ndio utakaokuwa juu ya meza, unatoka laini bila hata kupigwa niru. Kwa sababu bamba litageuzwa, nondo zikae karibu na juu wakati wa kumwaga, ili baadaye ziwe chini, pale uzito unapovuta. Zifunikwe na simenti kabisa, zisionekane. Kisha gunia lenye maji juu yake siku 7. Hapo ndipo vijana tunashindwa, tunataka kugeuza siku ya pili. Likikauka haraka linapasuka, na simenti ya watu watatu imekwenda. Funikeni mikono na mifuko ya plastiki mnapochanganya, simenti mbichi inaunguza ngozi.

Simenti ina kasoro zake. Limau na siki zinaila. Mawese yanaacha doa. Tumia sahani ukikata limau, doa lizoee.

Sasa lile neno ambalo mzee mmoja alitutupia kwenye kikao: "Kwani mnamwaga simenti kwenye ardhi ya nani?" Tulinyamaza. Uganda inatupa kiwanja cha kukaa na kulima, haitupi hati. Kuna watu hapa wameambiwa kila mwaka kwamba mwaka ujao watarudi Kongo au Burundi, na wamezeeka wakingoja kujenga. Tulimjibu mzee kwamba bamba hili halishikani na ardhi. Linakaa juu ya kuta mbili fupi za matofali zilizounganishwa kwa udongo tu, kando ya ukuta wa jiko. Siku ya kuhama, watu wanne wanalisimamisha kwa ubavu na kulibeba. Udongo msiuache lakini, maana bamba linazidi kilo 100 na nyumba zetu zimejaa watoto.

Kwenu wa mashirika: mmetufundisha majiko yanayookoa makaa, asante. Lakini mafunzo yenyewe mama zetu waliyafanya wakiwa wamechuchumaa. Kwenye bajeti ijayo, kabla ya fulana na bango, wekeni simenti na nondo. Fundi tunaye. Na msituletee kipimo kimoja kwa wote. Mpikaji asimame, akunje kiwiko, meza ije chini ya kiwiko kwa upana wa kiganja. Apimwe yeye, siyo fundi! La kwanza tulipima kwa kijana wetu mrefu, mama mwenye nyumba akawa anakanda mandazi mabega yakiwa masikioni. Tulibomoa tofali mbili.

Wiki ijayo tunamwaga kwa bibi anayeishi peke yake nyuma ya kisima. Yeye hawezi kusimama muda mrefu, ameomba meza ifike kwenye magoti ili apike ameketi kwenye kiti chake. Nondo tunazo. Tunatafuta gunia na mtu wa kulimwagia maji asubuhi na jioni kwa siku 7.