Paka Dume Asiyekojoa Asicheleweshwe

Huenda utacheka ukiona leo tunaandika habari za mkojo wa paka. Cheka kidogo, kisha usome. Mahindi yako yaliyo darini yanalindwa na nani usiku?

Hapa Same na milimani Upare, paka ni mlinzi wa chakula. Panya hula mahindi, na yale asiyoyala huyachafua kwa mavi na mkojo. Nyumba ikikosa paka, watu hununua sumu ya panya. Sumu hiyo huliwa na kuku, na mtoto mdogo naye anaweza kuiokota. Kwa hiyo ugonjwa wa paka ni jambo la nyumba nzima.

Upo ugonjwa mmoja unaoua paka dume upesi. Paka huchuchumaa na kujikamua, lakini mkojo hautoki. Pengine hutoka matone machache yenye damu. Hulia. Hujilamba sana sehemu za siri. Baadaye huacha kula, hutapika, hulala tu. Watu wengi wakimwona anajikamua husema, "Amefunga choo." Humnywesha mafuta ili aharishe. Wengine husema amelishwa sumu, au amerogwa. Huku mkojo unazidi kujaa.

Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana. Chembe kama za mchanga, pamoja na ute, huweza kuiziba. Wafugaji wa tambarare hawatashangaa, maana mbuzi dume aliyehasiwa naye huweza kuzibwa na vijiwe. Mkojo ukizuiwa, uchafu uliopaswa kutoka mwilini hubaki katika damu. Figo huharibika na moyo hulegea. Paka huweza kufa kwa siku mbili au tatu. Jike naye huugua kibofu, akakojoa kidogo kidogo na damu, lakini ni mara chache kuzibwa, kwa kuwa njia yake ni fupi na pana zaidi.

Mpapase tumbo polepole, karibu na miguu ya nyuma. Kibofu kilichojaa huwa kigumu kama ndimu, au hata kama chungwa dogo. Usikibonyeze, kinaweza kupasuka. Wala usimpe panadol! Dawa hiyo humtuliza mtu, lakini kwa paka ni sumu. Kidonge kimoja chaweza kumwua.

Rai yetu ni kwamba apelekwe kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya gulio. Ukikaa Chome au Vudee, wajua mwenyewe safari ya kushuka Same ilivyo, basi anza mapema. Mtie ndani ya tenga, ulifunike kwa kanga. Paka mwenye maumivu huuma, na kichaa cha mbwa huwapata hata paka. Akikuuma, osha jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha nenda zahanati.

Wapo wasemao, "Bwana mifugo ni wa ng'ombe. Nikimpelekea paka nitachekwa." Acha wacheke. Mtu huyo huyo hakuona haya kupeleka mbuzi mmoja, na mbuzi halindi ghala.

Daktari wa mifugo humlaza paka kwa dawa, akapitisha mpira mwembamba ili kuifungua njia. Pasipokuwa na mpira, mtaalamu anaweza kuuvuta mkojo kwa sindano safi, ili paka apate nafuu mpaka afikishwe penye vifaa. Na ikiwa hapana njia yoyote, afadhali auawe kwa dawa bila kuteseka. Wengine watasema huo ni ukatili. Sisi twaona ukatili ni kumwacha alie siku tatu chini ya kitanda.

Aliyepona anaweza kuzibwa tena, kwa hiyo mwangalie kila siku anapokwenda kukojoa. Na mpe maji. Huku tambarare jua ni kali, maji hubebwa kutoka mbali, na katika kuyagawa paka husahauliwa. Anakula ugali mkavu na dagaa wakavu, na mkojo wake unakuwa mzito. Mwekee kibakuli cha maji safi kivulini, mbali na kuku wasikimwage. Ugali wake uloweke kwa mchuzi wa samaki usio na chumvi wala pilipili.