Mbwa Akinuna, Usikimbilie Fimbo

Wiki hii tunawapumzisha wapenzi waliogombana na akina dada wa mitindo, tunaingia uani kuangalia mbwa. Usigeuze ukurasa, kuna maisha ya watu humu.

Jamaa zangu wa mjini, wale wa Sinza na wa Mwanjelwa, nikiwaambia kuwa kwetu Milepa tunafuga mbwa watano wananitolea macho. "Watano? Mnafungua mbuga?" Kwao mbwa ni mmoja, mchana kutwa yuko bandani, usiku anafunguliwa alinde gari la bosi.

Sasa nikupe ramani kidogo. Milepa iko bondeni, chini ya ule ukuta wa milima unaoshuka kutoka Ufipa kuelekea Ziwa Rukwa. Sumbawanga mjini wanavaa makoti, sisi huku ni jasho. Watu wanalima mahindi na mpunga, wengine wana ng'ombe na mbuzi. Nyani anasubiri mahindi yakomae, nguruwe mwitu anakuja usiku, na fisi naye ana ratiba yake. Kwa hiyo mbwa huku hafugwi kwa urembo. Ni mfanyakazi, tofauti yake ni kwamba hadai mshahara.

Majina yao kawapa mama, na jirani wa upande wa kulia anajua kwa nini. Mzee wao anaitwa Mtasema. Jike ni Popi. Watoto wa Popi wa uzao wa kwanza ni Tumechoka na Saddam, na kitinda mimba alikuwa Kadogo. Jioni mama akipaza sauti, "Mtasema, njoo ule!" mtaa mzima unakaa kimya.

Kimbembe cha kwanza cha mbwa wengi ni chakula. Ukiweka ugali na vichwa vya samaki kwenye sinia moja, umeitisha vita. Mbwa hajui habari za mgawanyo sawa, anajua aliye mbele na aliye nyuma. Dawa yake ni rahisi: kila mmoja kopo lake, kona yake, na wawili wenye uhasama wasionane wakati wa kula. Wakimaliza makopo yanaondolewa, maana hata kopo tupu linaweza kuleta kasheshe. Na wakishikana meno, ole wako upeleke mkono katikati! Wamwagie ndoo ya maji, au gonga sufuria, au sukuma ubao kati yao. Mbwa aliyepandwa na hasira hachagui, mkono wa tajiri wake anauona ni nyama tu.

Kimbembe cha pili ni Popi akiingia joto. Hiyo ni kama mara mbili kwa mwaka, na madume wa kijiji kizima wanahamia kwetu. Saddam na Mtasema, baba na mwana, hawasalimiani. Hapo Popi anafungiwa ndani kama wiki tatu. Ukizembea, baada ya siku 63 hivi unahesabu midomo mipya ya kulisha.

Lakini nikwambie kitu ambacho wengi hawakijui. Mara nyingi tunachokiita tabia mbaya ni ugonjwa unaoomba kusikilizwa. Mtasema aliwahi kuanza kumkoromea kila anayemgusa kichwani. Mjomba akashika fimbo, akasema mzee kaota kiburi. Nikamwomba, "Mjomba, shikamoo, hebu tumwangalie masikio kwanza." Tulipofunua, kupe walikuwa wamejipanga humo kama abiria wa basi la Mbeya, na sikio limeoza kwa ndani. Akaogeshwa dawa, sikio likasafishwa, kiburi kikaisha. Sasa ile fimbo ingetibu nini?

Tumechoka naye alikuwa mkimbiaji bomba, ghafla akawa analala mchana kutwa, anakonda, macho yamefunikwa na ukungu. Majirani wakasema karogwa. Si unajua jina la Sumbawanga watu wanalitafsiri kuwa ni tupa uchawi? Bwana mifugo alipokuja hakuuliza habari za mchawi, aliuliza mbwa anatembea wapi. Porini, kwenye mbung'o. Akashuku ndorobo, ugonjwa ule ule unaomaliza ng'ombe, akamdunga sindano. Baada ya siku kadhaa alianza kula. Jicho moja limebaki na ukungu, ila anaona na anabweka.

Ukiwa na mbwa wengi, mmoja akiumwa usiseme mmoja kaumwa. Anayekohoa, anayetoka makamasi au anayeharisha mtenge siku hiyo hiyo, na kopo lake lisiguswe na mwingine. Kuna ugonjwa unaitwa distempa, virusi vya mbwa. Mwaka 1994 viliingia Serengeti vikaua simba karibu 1,000, yaani kama theluthi moja ya simba wote wa kule, na watafiti wakanyoosha kidole kwa mbwa wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi. Kama simba hakupona, Kadogo wako atapona vipi?

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Alikuja mbwa mgeni, saa saba mchana. Hakubweka, hakuogopa mtu. Alipita katikati ya mbuzi kama haoni, mate yanamtiririka. Hilo nalo ni badiliko la tabia, na ni baya kuliko yote. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuwa mkali wa kung'ata hata gogo, na anaweza pia kuwa mpole wa ajabu, mdomo umelegea, anakufuata kama anataka kubembelezwa. Wote wawili ni noma. Huyu alimng'ata Kadogo, kisha akamng'ata mdogo wangu wa miaka tisa kwenye shavu la mguu. Wanaume wakamuua kando ya shamba.

Bibi alikuwa keshachukua pilipili na mafuta ya taa. Nikamwambia, "Bibi, nakuheshimu sana, lakini leo ni sabuni." Tuliosha lile jeraha kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15 kamili, mtoto analia, mama analia. Kituo cha kwanza tulichokwenda hakikuwa na chanjo. Mbuzi mmoja akauzwa, safari ya kupanda mlima hadi Sumbawanga ikaanza. Sindano ya kwanza ikapatikana, na tukarudi kila tarehe iliyoandikwa mpaka dozi ikaisha. Usije ukaruka hata moja kwa sababu kidonda kimekauka. Virusi hivi vinapita kwenye mishipa ya fahamu taratibu kuelekea kwenye ubongo, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mdogo wangu yuko salama, anacheza mpira. Utata ukabaki uani. Wale mbwa wanne wakubwa walikuwa wamechanjwa kwenye kampeni, wakaongezewa sindano na kuwekwa chini ya uangalizi. Kadogo alizaliwa baada ya kampeni, na umri wa miezi mitatu wa kuanza chanjo hakuwa ameufikia. Bwana mifugo akatupa njia mbili: afungiwe peke yake miezi sita pasipo mtu kumgusa, au alazwe usingizi wa mwisho. Nyumba yetu ina watoto saba na ua wa miti. Utamfungia wapi?

Mdogo wangu akauliza, "Mbona mimi nimechomwa sindano nimepona, Kadogo hawamchomi?" Swali zito hilo. Jibu ni kwamba kwa mbwa ambaye hakuwa na kinga, chanjo ya baada ya kung'atwa haitegemewi. Alitakiwa awe nayo kabla. Tulimzika nyuma ya ghala, na mama hajampa mbwa mwingine jina mpaka leo.

Dunia nzima inakadiriwa watu 59,000 wanakufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na kama wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote wameng'atwa na mbwa. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Chanjo ya mbwa ni bei ya chini mno ukilinganisha na sindano za binadamu, achilia mbali nauli na mbuzi wetu. Kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na sehemu nyingi chanjo hutolewa bure karibu na siku hiyo. Ulizia ofisi ya mifugo ya kata yako.

Kwa hiyo wewe wa mjini mwenye mbwa mmoja, na wewe wa kijijini mwenye kikosi, leo jioni fanya hivi: mshike masikio, mwangalie macho, fizi na kinyesi chake. Halafu tafuta cheti cha chanjo usome tarehe. Kama mwaka umepita, kesho una safari. Na akizaliwa mtoto wa mbwa, andika siku ukutani kwa mkaa, uhesabu miezi mitatu.

Jirani akikuona unamkagua mbwa meno akakucheka, mwache acheke. Kwetu tuna jibu lake, na lina mkia.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.