Feza za msaada: tusihesabu waliolipwa tu

Kila mara serikali inapotoa feza kwa familia maskini, tunatangaziwa hesabu moja: watu wangapi wamelipwa. Ndivyo ilivyo kwa STEP, mpango ambao Fonds Social de la RDC ilianza kuuendesha hapa Mashariki mwaka 2014 kwa feza za Benki ya Dunia. Ndivyo ilivyokuwa pia Kinshasa, watu walipolipwa kwa simu kwa sababu ya Covid-19. Hesabu hiyo ni ya lazima, maana inaonyesha kwamba feza zilitoka. Haituambii kama maisha ya familia yalibadilika.

Mwaka 1997 Mexico ilianza mpango wa Progresa kwa njia nyingine. Vijiji 506 viliwekwa katika utafiti, vikagawanywa kwa bahati nasibu: 320 vilipata feza kwanza, 186 vikangoja. Basi iliwezekana kulinganisha jirani na jirani. Feza zilipewa akina mama, kwa sharti watoto waende shuleni na familia ifike kwenye kituo cha afya. Watoto walioingia sekondari waliongezeka, hasa wasichana. Lakini walipopimwa, haikuonekana wazi kwamba walijua zaidi. Sisi tulioona madarasa yakijaa tangu masomo ya msingi kuwa ya bure mwaka 2019, jambo hilo halitushangazi. Hata hivyo, chama tawala kiliposhindwa mwaka 2000, viongozi wapya hawakuufuta mpango huo. Waliupanua na kuubadilisha jina, kwa sababu faida yake ilikuwa imeandikwa.

Makanisani tunasikia sana kwamba maskini akipewa feza mkononi atazinywa. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka Amerika ya Kilatini, Afrika na Asia. Hawakuona kwamba pombe na tumbako zilinunuliwa zaidi. Na karibu nasi, Masisi, msaada wa shirika moja (si wa serikali) uliwapa wakimbizi wengine feza, wengine vocha. Chakula chao hakikutofautiana sana, ila vocha ziligharimu zaidi kuziendesha.

Kwa maoni yangu, shida yetu kubwa haiko kwa anayepokea. Iko njiani. Nani aliandika majina? Shefu wa avenyu, na mara nyingine mchungaji, na kila mmoja ana ndugu zake. Kisha kuna makato. Benki za Goma zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, aliyetumiwa feza kwenye simu ilimbidi kumwachia mwenye kabini sehemu yake ili apate noti. Tuseme mama ameandikiwa dola 20, akafika nyumbani na 18: ripoti itasema 20. Mtu akitaka kupima mpango huo kwa haki, aanze na zile 18.

Mchungaji anayeombwa kutoa majina anaweza kuweka sharti kabla ya kukubali: majina yote yasomwe mbele ya watu wa avenyu, pamoja na kiasi cha kila mmoja, na aliyeachwa aonyeshwe mahali pa kulalamikia, pasiwe kwa yule yule aliyemwacha.