Usininunulie Kiti, Nipe Saa Moja

Nimechoka na video za setapu. Kila wiki msee mpya anatuzungusha chumbani kwake: taa za rangi nyuma ya meza, skrini mbili, kibodi inalia kama mvua kwa mabati, na kile kiti cha gemu ambacho bei yake ingelipa kodi ya bedsita. Halafu anakwambia ukitaka kutengeneza ramani za gemu, anzia hapo. Video inaisha na hajatuonyesha hata ramani moja aliyomaliza.

Shida ni kwamba watu wanamwamini. Unapata mtu ana wazo kali kabisa la ramani: stendi ya matatu, soko usiku, paa za mtaa wao. Ukimuuliza ataanza lini anakwambia, "Nikipata mashine." Mwaka unaisha, bado anatafuta mashine.

Doom ilitoka 1993. Kompyuta iliyotupwa na ofisi yoyote mjini leo ina nguvu kushinda zile iliyotengenezewa, na bado watu wanaichorea ramani mpya. John Romero, mmoja wa walioiunda, alirudi 2019 akatoa seti nzima ya ramani zake, Sigil. Wewe unahitaji nini? SLADE ya kuchorea ni ya bure. Freedoom ya kuchezea ni ya bure. Laptopu ya mitumba inaendesha zote mbili bila kulalamika. Yangu imetoka Luthuli, betri ilikufa kitambo, kwa hivyo tokeni zikiisha na mimi nimeisha.

Sisemi shida ni tamu, hiyo ni stori ya watu wa motivesheni. Kuna kazi zinataka mashine kubwa, na ukiniletea Unreal hapa laptopu yangu itazimia. Lakini ramani ya kwanza, ya pili na ya tatu hazitaki hiyo. Zinataka kitu kingine ambacho hakuna duka linauza.

Angalia Dust2 ya Counter-Strike. Dave Johnston, kijana Mwingereza, alitengeneza Dust ya kwanza 1999 kama hobi, akafuata na Dust2 mwaka wa 2001. Watu wanaicheza mpaka leo. Kuna sehemu mbili za bomu, A na B. Kuna njia ndefu ya kufika A, kuna katikati na ile milango yake, kuna handaki la kwenda B. Uzuri wake hauko kwa kuta za rangi ya mchanga. Uko kwa muda. Timu mbili zinatoka pande tofauti na zinafika sehemu za kupigania karibu pamoja. Sogeza ukuta mmoja vibaya, upande mmoja unafika mapema, mechi imekufa.

Hesabu kama hiyo haikai kwa skrini. Inakaa kichwani. Lazima ushike kwa wakati mmoja mchezaji amesimama wapi, anaona nini, nani anamwona, na akikimbia atafika baada ya sekunde ngapi. Sasa uko hapo katikati, umeishika yote, halafu unasikia, "We! Kuja uoshe vyombo!" Imeanguka. Ukirudi mikono ina sabuni na hujui ulikuwa kona gani.

Na hapa wacha niongee na maboy, msiniblock.

Kwetu laptopu ni moja, mimi na brathe wangu tunashare. Akiwa anacheza gemu ya mpira hakuna mtu anamwita. Ati anapumzika, ametoka job. Mimi pia nimetoka job. Nikikaa hapo hapo na ramani, naulizwa mbona chai haijawekwa. Meza ni ile ile, balbu ni ile ile, kiti ni kile kile cha plastiki. Kwa hivyo usiniambie tofauti ya anayemaliza na asiyemaliza ni kiti. Tofauti ni nani anaruhusiwa kukaa bila kuitwa.

Kuna wenye watasema, "Fanya usiku watu wakilala." Hao wana chumba chao. Sisi tunalala wanne pale pale laptopu iko, na ile mwanga ya skrini inapiga mtu usoni. Halafu saa kumi na moja asubuhi natakiwa niwe stejini. Huo ushauri wa kukesha umeharibu wasee wengi, wanajenga saa nane usiku kitu ambacho asubuhi hata wao hawakielewi.

Kelele nayo haina neno. Jirani ana sabufa, anacheza injili kuanzia saa moja jioni, ukuta unatetemeka. Sijali. Kelele haikuulizi swali, haikutumi dukani.

Nilichofanya ni kuchukua kalenda ya ukutani, ile ya bure ya duka, nikaandika zamu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa vyombo ni vya brathe. Saa mbili hadi saa tatu usiku siitwi, labda nyumba inaungua. Mathe alicheka, akasema tutaona. Brathe hakucheka. Wiki ya kwanza alivunja kikombe, nadhani kwa makusudi. Lakini kalenda bado iko.

Na saa moja ikiwa ni saa moja tu, huichezei. Kuchora nafanya kwa matatu, kwa daftari la hesabu lile la miraba, kila mraba vipimo 32. Kwa Doom mchezaji ana urefu wa vipimo 56 na hawezi kupanda ngazi inayozidi 24. Ukishajua hizo mbili, penseli inatosha. Nikifika kwa kompyuta siulizi nianzie wapi. Dakika arobaini ni kuta tupu, zote rangi moja, hakuna kupamba. Ishirini za mwisho natembea ndani. Jumapili nampa binamu yangu mdogo acheze na mimi nafunga mdomo, hata akipotea. Hasa akipotea.

Ninachojenga ni ploti. Geti, korido ndefu, milango pande zote, choo cha pamoja mwisho. Ghorofa nimeacha, kwa sababu Doom ya asili haiwezi kuweka chumba juu ya chumba. Korido iliyonyooka ni mauti, ukitoka mlangoni unaonwa mpaka getini, kwa hivyo nimetundika leso kwa kamba katikati, na sasa hujui nani yuko nyuma yake. Hakuna kiti kingenipa hiyo. Nimeishi hapo.

Na kama unadhani lazima kila mtu awe na mashine yake, UN-Habitat na Mojang walianza mpango wa Block by Block 2012, na uwanja wa Silanga kule Kibera ulikuwa kati ya miradi ya kwanza. Wakazi wanakaa kwa vikundi, kompyuta moja, vichwa kadhaa, wanajenga mtaa wao kwa Minecraft wakibishana choo kikae wapi na taa ziwe wapi. Hakuna aliyeuliza skrini ni ngapi.

Kwangu geti linafunguka, leso ziko, imebaki sehemu ya tangi la maji. Binamu anaamini anaweza kulipanda, na nimeamua kumwekea njia. Leo ni Jumatano. Vyombo si vyangu.